Unyayo Tuliokanyaga

Nyumbani kwetu siku ilianza kwa maji. Kabla ya salamu na kabla ya chai, mtu mmoja alikwenda kisimani kutazama. Akirudi, mama alimuuliza neno moja tu.

"Yapo?"

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa, "Yapo." Farasi alivuta kamba, ndoo ikapanda, mbuzi wakanywa. Baadaye tulikaa jikoni na chai yetu chungu ya majani ya yerba. Kibuyu kilikuwa kimoja na mrija mmoja, kikapita mkono kwa mkono. Mama alikaanga mikate kwa mafuta ya ng'ombe. Baba alitueleza nani na nani wamepita usiku karibu na zizi: mbweha, sungura, au farasi wa jirani aliyekata kamba.

Mimi ni Nelida Guajardo. Nilizaliwa kwenye nyika ya Malargüe, chini ya milima. Sasa ni mwalimu wa watu wazima. Wanafunzi wangu ni wafugaji wa mbuzi ambao hawakupata shule. Hadithi hii nimewaandikia wao, kwa maneno mafupi, ili waisome wenyewe. Siisimulii kwa kujisifu. Ningependa sana kama isingetokea.

Baba yangu, Anselmo Guajardo, hakujua kusoma kitabu, lakini alijua kusoma ardhi. Alitazama alama moja ya kwato akakwambia farasi ni wa nani, amebeba nini, na amepita lini. Mara mbili polisi walikuja kumchukua ili awafuatie nyayo za wezi wa ng'ombe. Mara zote mbili aliwapata.

Alikuwa na sheria moja, na alitufundisha tukiwa bado tunatambaa. Unyayo haukanyagwi. Ukiuona, simama. Usiupite juu, usiuguse, usiupumulie. Kama huwezi kuusoma wewe, ufunike kwa karai, uweke jiwe juu yake, kisha ukamwite anayeweza.

"Unyayo ni neno la mtu ambaye hayupo," alisema. "Ukiukanyaga, umemziba mdomo."

Nyuma ya nyumba yetu, mwendo wa nusu saa kwa miguu, kulikuwa na tangi. Lilikuwa pana kama chumba na refu kama mtu. Juu yake palikuwa na kioo cha kupokea jua, mlingoti na waya. Matangi ya namna ile yalikuwa mengi nyikani, zaidi ya elfu moja na mia sita, na kila moja liliachana na jirani yake kilomita moja na nusu. Watu wa sayansi waliyaleta nilipokuwa mdogo. Waliomba ruhusa kwa kila mwenye ardhi. Baba alikubali kwa sababu waliomba kwa adabu, wakashuka kwenye gari na kuvua kofia.

Kila tangi lilipewa jina. Letu walimwachia mama alichague, naye akaliita Delmira, jina la marehemu mama yake.

"Linafanya nini?" nilimuuliza baba siku ile.

"Eti linatazama miali ya mbinguni."

"Miali gani?"

"Sijui. Sikuuliza."

Kwetu watu hawaulizi sana. Mwanamume anayeuliza huonekana hajui, na baba alikuwa mtu anayejua. Huo ulikuwa ugonjwa wetu mkubwa, na mimi nimeurithi.

*

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, ukame uliingia mwaka wa tatu. Milimani theluji ilikuwa kidogo, na mito ikawa mawe matupu. Mwezi wa kumi na moja, mbuzi walipokuwa na vitoto vichanga, kisima chetu kilitoa matope.

Asubuhi moja niliporudi kutoka kisimani mama aliuliza, "Yapo?"

Nikamwonyesha ndoo ya matope. Alinitazama usoni, akaendelea kukanda unga.

Tulikuwa na mbuzi mia moja na arobaini. Mbuzi jike asipokunywa hatoi maziwa. Mtoto asiponyonya hulia siku moja, kisha hunyamaza. Wiki ile tulizika vitoto kumi na saba. Baba alivibeba mwenyewe viwili viwili, na hakutaka tumsaidie.

Wiki hiyohiyo alikuja jirani yetu Toribio, aliyenisimamia ubatizo. Kwa hiyo yeye na baba waliitana kumpadre, na mama alimwita kumadre. Toribio alikuwa mtu mwema lakini ulimi wake haukujua kupumzika.

"Kumpadre Anselmo, we unajua mvua zimekwenda wapi?" aliuliza, akishuka kwenye farasi.

"Nieleze, mzee wa habari."

"Zimefukuzwa na matangi. Hebu hesabu. Matangi yalikuja, mvua ikaondoka. Yale mawaya yanachana mawingu."

Mama alicheka. "Toribio bwana! Mwaka ulipomwoa mke wako tulipata mafuriko. Naye tumlaumu?"

"Cheka tu, kumadre. Lakini humo ndani mna maji, lita elfu kumi na mbili. Safi kuliko machozi. Mimi niliyaona yakijazwa kwa lori. Yamekaa gizani hayanywewi na mtu wala mbuzi. Hiyo ni haki?"

Baba alizungusha kibuyu mkononi mpaka chai ikapoa. Nilimjua. Neno lilikuwa limeshamwingia.

Toribio alipoondoka, mama alisema, "Anselmo, usifanye. Waulize kwanza. Yule mama fundi wa matangi ni mtu wa watu."

"Nimuulize nini? Kama naweza kunywesha mbuzi wangu kwenye ardhi yangu?"

"Kuuliza si ujinga."

"Mvua waliichukua bila kuuliza," alisema baba, akaenda kutafuta bomba la mpira.

Nilikwenda naye. Nataka hilo lijulikane. Sikusukumwa, na nilibeba ngazi.

Jua lilikuwa utosini. Baba alifungua skrubu za kifuniko kimoja juu ya tangi. Chini yake palikuwa na mfuko mweusi mnene. Akaupasua kwa kisu cha kuchinjia. Mwanga uliingia ndani kwa mara ya kwanza tangu tangi lijengwe. Nilichungulia. Maji yalikuwa meusi na matulivu kabisa. Nikaona uso wangu, na nyuma yake anga. Sijawahi kuona maji mazuri kiasi kile.

Baba alivuta kwa mdomo, maji yakatiririka kwenye bomba mpaka kwenye birika la mbao. Mbuzi waliyanusa kwa mbali, wakaja mbio, wakapigana pembe. Mtoto mmoja wa mbuzi aliyekuwa hawezi kusimama tulimnywesha kwa kidole. Jioni alikuwa anasimama.

Sitasema uongo hapa. Mbuzi walipona. Baba alirudi nyumbani akipiga mluzi, na mimi nilifurahi kama yeye.

*

Kila adhuhuri redio ya mjini huwasomea watu wa nyikani salamu. Fulani amejifungua salama. Fulani akampokee nduguye darajani. Ndiyo simu yetu ya tangu zamani, na nyumba nzima hunyamaza kuisikiliza.

Siku ya tatu tulisikia jina letu.

"Kwa Don Anselmo Guajardo. Delmira amenyamaza tangu Jumatatu. Kama mmeona lolote, tafadhali tupeni habari kupitia muuguzi wa zahanati. Asanteni. Fundi Ofelia Barrionuevo."

Mama alifanya ishara ya msalaba. Kusikia jina la mama yake aliyekufa likisomwa redioni, na kwamba amenyamaza, kulimshtua.

"Waambie ukweli," alimwambia baba.

"Nitawaambia mvua ikinyesha."

"Anselmo!"

"Wakija leo watafunga tangi, na mbuzi watakufa kesho. Basi." Akanigeukia. "Nelida, wewe ndiye unayejua kalamu. Andika hatukuona kitu. Andika labda mbweha ametafuna waya."

Katika nyumba yetu mimi peke yangu nilijua kuandika. Nilikuwa nimemaliza shule ya bweni, na baba alijivuna kwa hilo mbele ya kila mgeni. Lakini sikuwahi kuandika barua kwa mtu mkubwa kama fundi. Ile ilikuwa ya kwanza. Nilichukua karatasi yenye mistari na nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa:

*Mheshimiwa fundi. Hatukuona kitu. Labda mbweha ametafuna waya. Huku kwetu sote wazima.*

Mama alisimama nyuma yangu. Hakujua kusoma, lakini alijua kilichoandikwa.

"Mkono mzuri hivyo," alisema, "kwa kazi hiyo."

Nilikunja karatasi. Kesho yake muuguzi alipita kwa farasi, nikampa. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kwa mdomo. Alikunywa chai kwetu saa nzima, akamtania baba kwa tumbo lake. Nikamtazama akienda mpaka vumbi likatulia.

*

Ofelia Barrionuevo alifika siku ya kumi na moja. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye buti za vumbi na mikono ya mtu anayefunga na kufungua skrubu kila siku. Alivua kofia, akamsalimia mama, akauliza habari za mbuzi. Hakuwa na haraka. Alijua desturi. Alikunywa vibuyu viwili vya chai kabla ya kutaja tangi.

Tulikwenda naye wote. Njiani baba alitembea nyuma. Yeye ambaye siku zote alitangulia.

Ofelia alisimama hatua kumi kabla ya tangi. Akaliona bomba, birika, na ardhi iliyochimbwa kwa kwato. Hakuhitaji kupanda ngazi.

"Mbweha," alisema polepole.

Akaligusa bomba kwa ncha ya buti.

"Don Anselmo, mimi sijui kusoma nyayo kama wewe. Lakini mbweha huyu ana ngazi."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. "Ni sisi," nikasema. "Barua ni ya uongo. Niliandika mimi."

"Nilimwamuru mimi," baba alisema. "Mbuzi walikuwa wanakufa. Maji yapo hapa yamelala tu. Ungefanyaje wewe?"

"Ningekunywesha mbuzi," alijibu Ofelia.

Baba hakutegemea jibu hilo. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi.

"Ila ningeuliza," Ofelia aliendelea. "Haya maji yaliletwa kwa lori, Don Anselmo. Lori lenyewe lipo mjini. Limeegeshwa. Ungetuma neno kwa muuguzi, lingekuwa hapa siku ya pili, limejaa. Na ningelipanda mwenyewe."

Mama alifunika mdomo kwa aproni. Baba alitazama upande wa mjini kama mtu anayelitafuta lori hilo kwa macho.

Ofelia alipanda, akaingiza mkono tangini, akashuka. Alikaa chini kwenye kivuli cha tangi. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Humu ndani mna macho matatu ya kioo," alisema. "Yanatazama majini, gizani. Yanaona mmweko mdogo ambao macho yetu hayawezi kuuona. Mmepasua mfuko adhuhuri. Jua limeyapofusha. Hayo yanabadilishwa, yasiwaumize roho. Kinachoniuma ni kingine."

"Kipi?" aliuliza mama.

"Jumanne iliyopita, asubuhi. Siku ya tisa ya kunyamaza kwa Delmira. Ngoja nieleze kwa lugha ya Don Anselmo."

Akafagia mchanga kwa kiganja mpaka ukawa laini.

"Kutoka mbali sana angani huja vipande vidogo. Vidogo kuliko vumbi, kuliko kitu chochote ulichowahi kuona. Vingi ni dhaifu. Lakini mara moja moja huja kimoja chenye nguvu ya kutisha. Chukua jiwe la kilo moja, liangushe kutoka usawa wa kichwa mpaka kwenye kidole cha mguu."

"Nitapiga kelele," nilisema.

"Nguvu hiyo yote, kwenye kipande kimoja kisichoonekana. Kikigonga hewa huko juu, kinavunjika. Vipande vinavunja vipande vingine, mpaka vinakuwa mamilioni na mamilioni. Vinashuka pamoja kama kundi la mbuzi wanaoteremka mlimani, na kutua kwenye eneo pana kuliko mashamba yenu yote. Vikipita kwenye maji ya giza, vinaacha mmweko. Tangi moja ni alama moja ya kwato."

Akabonyeza vidole mchangani. Alama ya katikati aliibonyeza kwa nguvu, za pembeni kidogo.

Baba alichuchumaa. Hakuweza kujizuia. "Matangi yaliyoguswa kwanza yanaonyesha kundi limetokea upande gani," alisema.

"Ndiyo."

"Na alama ya kati ndiyo yenye kina. Inaonyesha uzito."

"Ndiyo, Don Anselmo. Nimefundisha watu wa chuo kikuu, hawakuelewa haraka hivyo."

"Na kinachovirusha ni nini? Nani mwenye hivyo vipande?"

Ofelia alitikisa kichwa. "Hatujui."

"Hamjui?"

"Hakuna ajuaye. Si mimi, si mwalimu wangu, si mtu yeyote duniani. Wengine wanadhani ni makundi ya nyota ya mbali, yenye shimo jeusi katikati linalomeza na kutema. Ni dhana. Hivyo dhaifu hupindishwa njiani na sumaku za angani, kama mtu anayesukumwa na upepo. Ukivifuata nyayo unapotea. Hivyo vikubwa, vyenye nguvu sana, ndivyo vinavyokuja kwa mstari unaokaribia kunyooka. Kwa hiyo tunavingoja hivyo. Hapo ndipo ipo njia ya kwenda kwa mwenyewe."

"Na vinakuja mara ngapi?"

"Kwenye kilomita moja ya mraba, kama kimoja katika miaka mia."

Upepo ulipita. Nilielewa kabla hajasema, na nilitamani asiseme.

"Jumanne kilikuja kikubwa kuliko vyote nilivyoona tangu nianze kazi," alisema Ofelia. "Matangi ya kandokando yote yalikiona. La kwa Toribio lilikiona. Katikati palikuwa hapa." Akaweka kidole kwenye alama yenye kina, akaifuta. "Hapa hapana kitu. Bila alama ya kati hatuna uhakika wa uzito wala wa mwelekeo. Tumekiandika kwenye orodha ya mashaka. Hakitahesabiwa."

"Lakini ulitoa tangazo siku ya tatu," mama alisema. "Kwa nini hukuja?"

Ofelia alitoa karatasi mfukoni. Niliijua ile mistari.

"Waya uliotafunwa unaweza kungoja, Doña Ercilia. Tuko mafundi wachache, matangi mengi. Nikamweka Delmira mwisho wa foleni. Mngeandika 'tumelifungua', ningekuja kesho yake na macho mapya na mfuko mpya. Siku ya tisa angekuwa anaona."

Hakunitazama alipokuwa anasema hivyo. Ningependa angenitazama, anikemee, amalize. Alikunja tu barua na kuirudisha mfukoni.

Baba alikuwa bado amechuchumaa, akiangalia mahali palipofutwa mchangani. Alivua kofia. Sikuwahi kumwona akivua kofia juani.

"Nimewafundisha hawa tangu wanatambaa," alisema. "Unyayo haukanyagwi. Na mimi nimeukanyaga."

"Hukujua, Don Anselmo."

"Sikuuliza," alisema baba. "Ni tofauti."

*

Kesho yake lori lilikuja. Lilijaza birika, mapipa, na sufuria za mama. Lilikuja tena kila wiki mpaka tulipohamia milimani na mbuzi, kama tufanyavyo kila kiangazi. Ofelia alizungumza na watu wa wilaya, na kabla ya majira mengine tulichimbiwa kisima kirefu, chetu na cha majirani watano. Yote hayo yalipatikana kwa kusema tu kwamba hatuna maji. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wahenga wametuambia, na sisi tuliijua methali hiyo kwa moyo.

Delmira alitengenezwa wiki ya tano. Baba alishika ngazi. Ofelia alipofunga skrubu ya mwisho, baba aliomba kazi moja: awe mlinzi wa matangi ya upande wetu. Akapewa. Alipita kwa farasi matangi kumi na manne, akitazama nyaya, vioo na uzio. Alipoona ng'ombe anajikuna kwenye mlingoti, aliandika ripoti.

Ndiyo, aliandika. Majira ya baridi yale aliniwekea kiti mezani na kusema, "Nifundishe. Sitaki tena kuazima mkono wa mtu kwa maneno yangu." Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Kalamu aliishika kama nyundo. Alivunja penseli sita kabla ya kumaliza jina lake. Huyo ndiye mwanafunzi wangu wa kwanza, na ndiye aliyenifanya mwalimu.

Mvua nayo ilirudi mwaka uliofuata, na matangi yalikuwa palepale.

"Umeona, kumpadre?" baba alimwambia Toribio, wote wakiwa wamelowa.

"Naona," Toribio alisema. "Labda leo matangi yamelala."

Kila tulipoteremka kutoka milimani, baba hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda kwa Delmira. Alivua kofia, akaweka kiganja kwenye ubavu wa tangi, akasimama kidogo. Na kila Ofelia alipokuja, swali lilikuwa lile lile.

"Kimerudi?"

"Vimekuja vingine, mbali na hapa. Kikubwa kama kile, hapana."

"Na mwenyewe amejulikana?"

"Bado, Don Anselmo. Ila tumeanza kuona upande ambako vingi vinatokea. Si kwenye nyota zetu za jirani. Ni mbali zaidi."

Miaka ilipita. Vijana walikuja wakaweka vibao vipya juu ya matangi, na nyaya za kusikia mawimbi ya redio. Walimweleza baba kwamba sasa wataweza kutambua si uzito tu, bali hata aina ya kipande: chepesi au kizito. Baba alifurahi sana.

"Kama kutofautisha kwato za farasi na za nyumbu," aliwaambia. "Mtampata. Labda si nyinyi, labda watoto wenu. Lakini msikanyage kitu."

Alifariki mwaka juzi, mwezi wa nane, akiwa kitandani mwake. Siku chache kabla aliniuliza, "Miaka mia, alisema?"

"Kama mia, baba."

"Basi imebaki themanini. Ungoje wewe."

"Baba, na mimi nitakuwa nimekufa."

"Basi wafundishe wengine kungoja," alisema, akageukia ukutani.

Baada ya mazishi nilipanga vitu vyake. Chini ya kitanda nilikuta lile karai lake la kufunikia nyayo, limegeuzwa kifudifudi, na jiwe juu yake. Nilikaa sakafuni muda mrefu kabla ya kuligusa. Chini yake palikuwa na daftari.

Lilikuwa la ulinzi wake. Kila safari mstari mmoja, kwa herufi kubwa zilizolala kila upande. *Nimepita. Delmira mzima. Nimepita. Waya umekatika, nimetuma neno. Nimepita. Theluji.* Kurasa na kurasa, karibu miaka ishirini. Hakuna hata mstari mmoja wa uongo.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja tu. Aliuandika alipokuwa hajazoea kalamu, maana penseli ilikuwa imetoboa karatasi. Juu aliweka tarehe ya ile Jumanne. Chini yake:

*SIKU HII KIMEPITA. HATUKUKIONA. KOSA NI LANGU.*

Nimelipeleka daftari hilo darasani. Wanafunzi wangu wapya wakiweza kuunganisha herufi, ndilo jambo la kwanza wanalosoma. Wananiuliza mwandiko wa pili ni wa nani, ule mzuri, ulionyooka, chini kabisa ya ukurasa.

Nawaambia ni wangu. Niliuandika palepale sakafuni, siku ile, karibu na karai. Ni maneno matatu tu, na nilichelewa nayo miaka kumi na tisa:

*Na langu pia.*